Tumuulize Kwanza Anayekishika: Kuchagua Kipanya cha Kompyuta ya Ofisi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu, watunza hazina na wajumbe wa kamati za parokia, Maguu, Mbinga)



Tumeona baadhi yenu mkitabasamu mlipoisoma ratiba. Baada ya mada ya maji na mada ya ada za shule, tumepewa nafasi ya kuzungumzia kipanya cha kompyuta. Wengine hukiita puku, na mitaani wengi husema mausi. Jina lolote mtakalotumia, tunaomba mtusikilize, kwa maana kitu hiki kidogo kilitutia aibu kubwa.

Msimu mmoja wa kahawa kipanya cha ofisi yetu kilianza kusumbua. Ukibofya mara moja, kompyuta inasoma mara mbili. Ukishika kitu ili ukisogeze, kinaachiwa njiani. Karani wetu alitoa taarifa. Sisi wa kamati tulimjibu avumilie hadi robo ijayo, kwa kuwa kompyuta inawaka na fedha za matumizi madogo zimekwisha.

Siku moja alipokuwa akipanga orodha ya wakulima, kilo za mama mmoja mjane zilihamia mstari wa jirani yake, ambaye juma hilo hakuleta kahawa. Hakuna aliyeona. Orodha ikachapishwa, tukaisaini, na malipo yakafuata orodha. Mama yule alikuja ofisini na stakabadhi yake, akaiweka mezani, akauliza kwa upole, "Wanangu, kilo zangu ziko wapi?"

Jirani alirudisha fedha bila ubishi, na tunamshukuru. Lakini kwa siku kadhaa kijiji kilikuwa kimekwisha kusema kwamba karani ana mkono mrefu. Binti yule alilia. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu sisi tuliosaini bila kulinganisha na stakabadhi, na tuliompa mtu kazi ya fedha za watu kwa chombo kibovu.

Ndugu wapendwa, kipanya si pambo. Mwaka 1964 Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, huko California, Marekani, walitengeneza cha kwanza kwa kipande cha mti na magurudumu mawili chini yake. Desemba 1968 Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Kusudi lake lilikuwa mkono wa mtu uweze kuonyesha mahali penyewe kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo kipanya kinachoonyesha mahali pasipo sahihi kimeshindwa kazi yake, hata kama taa yake inawaka.

Sasa tuingie katika uchaguzi. Hapa kwetu hakuna Mmatengo anayelima ngoro kwenye mteremko kwa jembe ambalo mpini wake haukupimwa na mikono yake. Tufanye hivyo hivyo kwa kipanya. Kabla ya kununua, tumuulize anayekitumia kutwa, tena ikiwezekana aende dukani mwenyewe. Tumejifunza mambo sita.

Kwanza, ukubwa. Kiganja kikae juu ya kipanya bila vidole kujikunja wala kunyooka kwa nguvu. Vile vidogo sana vimetengenezwa kwa ajili ya kubebwa na kompyuta mpakato. Kwa kazi ya mezani ya saa nyingi huchosha mkono. Mezani kikae karibu na kibodi, kwa usawa mmoja nayo, ili kiwiko kisining'inie na kifundo cha mkono kisipinde. Karani akisema mkono unauma au vidole vinakufa ganzi, tusimwambie ni uvivu. Apumzike, meza irekebishwe, na maumivu yakiendelea aende zahanati.

Pili, mkono upi. Ofisi nyingi za parokia hutumiwa na watu wawili au watatu kwa zamu. Chagueni kipanya chenye pande mbili zinazofanana, si kile kilichopinda kufuata mkono wa kulia peke yake. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kubadilisha vitufe kwenye mipangilio ya kompyuta, na kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.

Tatu, waya au bila waya. Cha bila waya kinapendeza, na meza inabaki safi. Lakini kinataka betri, na kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kikipotea, mara nyingi kipanya chote hakifai tena. Cha waya hupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe, na si rahisi mtu kukitia mfukoni kwa kusahau. Kwa kompyuta ya mezani isiyohama, sisi tumerudi kwenye waya. Hakikisheni tu ni mrefu wa kutosha kufika pale mkono ulipo.

Nne, tundu la kuchomeka. Siku hizi karibu vyote ni vya USB. Lakini kompyuta kuukuu, hasa zile za msaada, huenda zikawa bado na tundu la mviringo. Tazameni nyuma ya mashine kabla ya safari. Ukinunua cha namna hiyo ya zamani, zima kompyuta kwanza ndipo ukichomeke.

Tano, namna kinavyosoma meza. Vile vya zamani vilikuwa na gololi tumboni, na vumbi letu la kiangazi liliwapa makatibu kazi ya kuvifungua na kuvikwangua. Vya sasa husoma meza kwa mwanga. Hata hivyo, vingi hupotea njia juu ya kioo au meza inayong'aa sana. Dawa yake haihitaji fedha: tandikeni karatasi ngumu au upande mweupe wa kalenda ya mwaka uliopita. Mshale ukianza kurukaruka, kigeuzeni mtazame kama nywele au uchafu umeziba tundu la mwanga, mfute kwa kitambaa kikavu kabla hamjakitupa. Na muuzaji akiwasifia kipimo kikubwa cha DPI, yaani nukta kwa inchi, msiongeze fedha kwa ajili hiyo. Kwa barua na hesabu, 800 hadi 1,600 zinatosha. Vipimo vya maelfu mengi ni vya wacheza michezo.

Sita, vitufe. Hapa ndipo sisi tulipoumia. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo inayochakaa kadiri inavyobofywa. Dukani ombeni kipanya kichomekwe kwenye kompyuta. Bofyeni polepole mara kumi, mhesabu kama kompyuta nayo imesoma kumi. Shikeni faili na kuliburuta kutoka kona hadi kona, na kuzungusha gurudumu juu na chini. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwageni kwa heri. Daini risiti ya mashine ya EFD, na muulize kama akikuta kasoro atakibadilisha.

Kuhusu bei, hatuwaambii mnunue cha ghali. Lakini sisi kwa mwaka mmoja tuliwahi kununua vitatu vya bei ya chini kabisa, na kila mara mtu alisafiri hadi Mbinga mjini. Wekeni nauli na siku ya kazi iliyopotea kwenye hesabu, mtaona kwamba kile cha bei ya katikati ndicho rahisi. Nunueni viwili kwa safari moja, kimoja kikae kabatini. Tena kiandikwe kwenye daftari la mali, ingawa ni kidogo.

Kwenu wafadhili tuna ombi. Mmetusaidia kompyuta, nasi tunashukuru kwa moyo. Mnapotuma vifaa, tuandikieni kwanza mtuulize tundu ni lipi, meza ikoje, na mtumiaji ni nani. Na mnapopitia bajeti zetu, mkiona mstari mdogo wa matengenezo ya vifaa vya ofisi, msiukate mkidhani ni matumizi ya anasa. Mstari huo ndio unaolinda ile mistari mikubwa.

Kwenu kamati, kipanya kizuri hakiondoi wajibu wa kukagua. Tangu siku ile, orodha ya malipo haisainiwi kwetu mpaka watu wawili wameisoma kwa sauti wakilinganisha na stakabadhi, mstari kwa mstari. Na karani akisema chombo kimeharibika, taarifa yake huandikwa kwenye muhtasari wa kikao na kujibiwa katika kikao hicho hicho.

Mama yule bado analeta kahawa. Karani naye yuko ofisini na kipanya alichokichagua mwenyewe. Akitoa orodha, mama huitazama, hutazama stakabadhi yake, kisha hutia kidole. Tunataka kila mkulima wetu aweze kufanya hivyo bila wasiwasi.