Anayesema Asiadhibiwe



Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana angani, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Moja ilikuwa Dash 8 iliyobeba watu 44 kuelekea Diani; ikarudi na kutua salama. Ya pili ilikuwa Cessna 172 ya mafunzo. Ilianguka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mkufunzi na mwanafunzi wake wakafariki.

Siku kama hiyo mnajua tunavyokuwa. Picha za maiti zinazunguka kwenye simu, na mwenye kosa ameshatajwa kabla wachunguzi hawajafika porini. Aibu hiyo ni yetu sote.

Lakini Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 13, unasema uchunguzi wa ajali ya ndege una lengo moja tu: kuzuia ajali nyingine. Kugawa lawama si kazi yake. Wapo wanaosema kutolaumu ni kulea uzembe. Nawapinga. Wilson inatumiwa na ndege za watalii, za wagonjwa na za wanafunzi, zote zikigawana anga ileile. Rubani aliyepishana na mwenzake kwa nafasi finyu, akatua bila mkwaruzo, ana habari ambayo huenda hakuna mwingine aliye nayo. Akiisema, njia za kupita zitapangwa upya. Akijua atafutwa kazi, atakunywa chai yake aende nyumbani, na hatari itabaki palepale ikimngoja mwingine.

Sisemi anayerusha ndege akiwa amelewa asamehewe; huyo apelekwe mahakamani. Namtetea aliyekosea kwa nia njema akajitokeza. Namtetea pia muuguzi aliyekaribia kutoa dawa isiyo sahihi, na fundi aliyeona ufa kwenye nguzo ya ghorofa huku tajiri akimwambia apake rangi.

Serikali nayo isizifungie ripoti za uchunguzi wa ajali kabatini. Zichapishwe zote, na kwa Kiswahili pia, maana waliofiwa si wote wanaosoma Kiingereza cha wahandisi.

Na nyinyi wakuu wa vyuo vya urubani mlioketi hapa mbele: mwanafunzi atakayekuja kesho kuwaambia alikosea angani, msimpunguzie hata saa moja ya mafunzo yake kwa kuwa amesema.