Mgonjwa naye ni fundi



Tuliporudi toka Nyarugusu, kule Tanzania, tukavuka ziwa mpaka Baraka, tulibeba magodoro na masufuria. Wengine walibeba pia kisukari, damu ya kupanda, kifafa. Magonjwa haya hayamalizwi na chupa moja ya dawa. Mutu anaishi nayo.

Sasa sisi tunaotembea vijijini tunasikia maneno kwenye likelemba: "Huyu mgonjwa tusimuweke, hatalipa." Tunasema hapana. Mama mwenye kisukari anafuma vitambaa akiwa ameketi, na anauza. Baba mwenye kifafa asiende kuvua ziwani wala asipande muwese, lakini anaweza kuchunga mbuzi na kufundisha korali. Kazi anayoipenda inamuamsha mutu asubuhi kuliko huruma yetu.

Tufanye hivi. Kila mradi wa nyumba ujulikane na watu wawili, ili siku mmoja amelala, mbuzi wasilale njaa. Mwenye insulini asiende shambani bila kula, na sukari kidogo iwe mfukoni. Pasipo frigo, dawa ikae kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga wenye maji. Na mbuzi wote wasiuzwe kwa dawa ya mwezi mmoja: tuchange mapema.

Wafadhili, dawa ni lazima. Lakini mtuletee na uzi, na jembe pia. Mgonjwa naye anapenda kuitwa fundi.