Aliyeuchora Ufa Bila Kupanda Meli



Kila mwaka sisi walimu wa jiografia tunasimama ubaoni tukichora Bonde la Ufa. Tunataja Turkana, Natron na Tanganyika, tunaeleza ardhi inavyotanuka na kupasuka, basi. Mada yangu inahusu ndugu wa bonde hilo, ufa ulio katikati ya Bahari ya Atlantiki, na Mmarekani aliyeugundua akiwa mezani kwa kuwa melini hakuruhusiwa.

Marie Tharp alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Michigan, binti wa mpima udongo wa serikali. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia jiolojia: wanaume walipoitwa jeshini, Chuo Kikuu cha Michigan kikawakaribisha wasichana kujaza nafasi. Akapata shahada ya uzamili, akaajiriwa na kampuni ya mafuta huko Tulsa, Oklahoma. Wanawake hawakwenda uwandani. Yeye alibaki ofisini kupanga ramani na takwimu za wanaume waliokwenda. Huko huko akajiongezea shahada ya hisabati.

Mwaka 1948 alibisha hodi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Maurice Ewing, mkuu wa utafiti wa bahari, alipousikia usomi wake wote aliishia kumuuliza kama anajua kuchora. Akapewa kazi ya kuchora.

Meli za utafiti zilipima kina kwa mwangwi. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4 za kwenda na kurudi, chini pana kina cha mita 3,000. (Wanafunzi wetu wanaweza hesabu hiyo kwa kalamu tu.) Bruce Heezen, mtafiti mwenzake, alikwenda baharini, Tharp akabaki na makaratasi. Mwaka 1952 alikuwa amechora mistari sita ya kina, kila mmoja ukivuka Atlantiki ya Kaskazini. Milima ya katikati ilijulikana. Alichokiona yeye ni kwamba kileleni mwa milima hiyo palikuwa na mfereji wenye umbo la V, nao ulijirudia mstari hadi mstari.

Heezen alipoonyeshwa alisema ni maneno ya wasichana. Tusimwonee: hofu yake nyingine ilikuwa ya kitaaluma, maana ufa ule ulinuka nadharia ya mabara kusogea, na katika Marekani ya wakati ule nadharia hiyo ilikuwa ya kuchekwa. Lakini angalieni ni silaha gani iliyomjia kwanza mdomoni. Hakuzipinga namba. Alimpinga aliyezichora.

Ilimchukua Heezen miezi mingi kukubali. Karibu na Tharp, Howard Foster, mchoraji kiziwi, alikuwa akiweka kwenye ramani vitovu vya matetemeko ya ardhi. Ramani mbili zilipolinganishwa, matetemeko yalikaa ndani ya mfereji wa Tharp. Wakaufuata mstari wa matetemeko nje ya Atlantiki, ukazunguka hadi Bahari ya Hindi, ukaingia Ghuba ya Aden, ukapanda nchi kavu. Ulikuwa umefika kwetu. Bonde letu likawa shahidi wa Tharp, kwa kuwa umbo lake lililingana na la ufa wa chini ya maji.

Jina la Tharp limo kwenye ramani ya mwaka 1957 na kitabu cha 1959, lakini makala kadhaa muhimu za miaka hiyo zilitoka bila yeye. Ewing alipokosana na Heezen, Tharp alipoteza kazi yake, akaendelea kuchora nyumbani kwake, Nyack. Alipanda meli ya utafiti kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960, zaidi ya miaka 15 baada ya kuajiriwa. Ramani ya sakafu ya bahari zote duniani ilitoka 1977. Uzeeni aliandika kwamba alijiona mwenye bahati kupata kazi ya kuvutia namna ile. Ukunjufu huo ni wake, usiwe kisingizio cha waliomfungia gati.

Tutakapofungua mada ya mabamba muhula ujao, naomba jina la Marie Tharp litangulie mchoro ubaoni. Na msichana atakayetaka kwenda ziara ya miamba asiambiwe abaki darasani kunakili daftari za wenzake.