Sababu Yako ya Kutembea

Msikilizaji wa Magoma na popote ulipo Usambara, daktari akikuambia ufanye mazoezi, unaitikia vizuri. Wiki haijaisha, umesharudi kwenye bodaboda, hata kwa safari ya kwenda gulioni tu. Si uvivu huo. Sababu ilikuwa ya daktari, haikuwa yako.

Tafuta yako. Pengine unataka kupanda kwenda kuwaona ndugu walioko juu milimani bila kuhema kila kona. Pengine shinikizo la damu lilimchukua baba, nawe una watoto wadogo. Sababu ya namna hiyo humtoa mtu kitandani alfajiri. Aibu ya kitambi, kwa maoni yangu, haifiki mbali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki: nusu saa, siku tano. Kulima kumo. Kutembea kwa haraka, ukiweza kuongea lakini si kuimba, kumo pia.

Mwenye kisukari au maumivu ya kifua aanzie zahanati. Wengine, leo usiku mtajieni mtu wa nyumbani sababu zenu, kesho mtoke naye.