Talanta Isiyofukiwa



Wapendwa wasikilizaji, Jumapili hii tunapotafakari mfano wa talanta, tumkumbuke mwigizaji mmoja wa Polandi aliyekuwa mshairi na mpenda milima: Karol Wojtyła. Wengi wetu tunamfahamu kama Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Leo tumtazame kabla ya kuvaa kanzu.

Alizaliwa Wadowice mwaka 1920, na tangu shuleni alipenda jukwaa. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wanazi walikifunga chuo kikuu cha Kraków alimosomea fasihi, naye akawa kibarua katika machimbo ya mawe, kisha katika kiwanda cha kemikali. Mwaka 1941 alijiunga na wenzake katika kikundi cha maigizo cha siri. Hawakuwa na pazia wala mapambo. Waliigiza sebuleni mwa watu, kwa nguvu ya neno tu, wakihatarisha maisha yao. Siku moja alipokuwa akighani, vipaza sauti vya Wajerumani vilinguruma barabarani kutangaza ushindi. Kijana hakupandisha sauti wala hakunyamaza. Aliendelea mpaka mwisho.

Mwaka 1942 aliingia seminari, nayo ya siri. Kiongozi wa kikundi alimsihi asiliache jukwaa. Je, aliifukia talanta yake? Hapana, ndugu zangu. Alimkabidhi Mwenyewe. Akiwa padre aliandika mashairi kwa jina la kubuni. Aliwapeleka vijana milimani na maziwani, na huko mtumbwi uliopinduliwa ukawa altare ya Misa. Mwaka 1979, akiwa Baba Mtakatifu, alimtangaza Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa watunza mazingira. Na mwaka 2003, mzee na mgonjwa, alichapisha utenzi wake wa mwisho, ambao sehemu yake ya kwanza inaanzia kwenye kijito cha msituni.

Pasaka ya mwaka 2005 alisimama dirishani pake Vatikano. Alijaribu kusema, sauti ikakataa. Mwigizaji yule akawabariki watu kwa mkono, kimya. Siku sita baadaye alifariki dunia. Hata ukimya huo ulihubiri.

Nasi je? Tunaosoma Neno altareni, tunalisoma kama watu walio tayari kulifia, au kama watangazaji wa minada? Kijana wa parokia anayependa kuigiza, tumemlea, au tumemwambia anapoteza wakati? Na chemchemi iliyotunywesha utotoni, tumeitunza, au tumeikatia miti yake mpaka ikakauka? Zaburi ya 19 inatufundisha kwamba mbingu zinasimulia utukufu wa Mungu. Tusiwe sisi wa kuzinyamazisha.

Tumwombe Bwana: sauti aliyotupa, tumrudishie ikiwa na faida, na siku atakapoitwaa, atukute tungali tunabariki. Amina.