RIMU NA TAIRI LAZIMA VIPATANE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi watu wa reli twajua vema kwamba gurudumu ni kipimo. Reli ya zamani upana wake ni milimita 1,000. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ni milimita 1,435. Hakuna fundi awezaye kutwaa gurudumu la njia moja na kuliweka juu ya njia ya pili. Lakini tukifika kwenye motokaa tunasahau elimu hiyo, na leo tumesimama kuungama kwamba sisi wenyewe tulisahau.

Watu kumi na wawili wa gengi letu tulichanga fedha tukanunua Land Rover kuukuu, ile ndefu, ya kuchukua vyakula na wagonjwa. Landi yetu i mbali na lami, na mvua ikinyesha hakuna matatu inayofika. Gari lilikuja na matairi ya 7.50-16 juu ya rimu za chuma za inchi 5.5. Muuzaji mmoja mjini akatuambia, "Tieni matairi mapana, mtapita kila tope." Tukanunua ya 265/75R16, tukayatia katika rimu zile zile.

Kumbe tairi hilo lataka rimu ya inchi 7 mpaka 8. Tulipolibana katika inchi 5.5, mabavu yalivimba, na uso wake ukawa mviringo kama mgongo wa kobe. Gari likayumba barabarani. Meno ya katikati yakaisha upesi, na ya pembeni yangali mapya. Fedha yetu ililiwa na barabara.

Basi tukakimbilia kosa la pili. Tukanunua rimu za inchi 10 tukidhani upana ukizidi, uzuri nao huzidi. Usiku mmoja tulikuwa tukimpeleka mwenzetu mwenye malaria kali. Tulipofika kwenye mto wa mchanga, dereva alipunguza upepo, kama ilivyo desturi. Gurudumu la mbele likagonga jiwe kwa ubavu, na tairi likachomoka kwenye rimu. Tulimbeba mgonjwa mabegani mpaka barabara kuu. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini usiku ule kila mmoja wetu aliona kwamba inchi chache za chuma zingaliweza kumwua mtu.

Sasa twawapa tuliyojifunza, msije mkayanunua kwa bei yetu.

Kwanza, jueni kupima rimu. Upana wake hupimwa kwa ndani, pale mbavu mbili za tairi zinapokaa, wala si kutoka ncha ya nje mpaka ncha ya nje. Ukipima kwa nje utaongeza kama inchi moja, nawe utadanganyika.

Pili, jueni kusoma tairi. Namba ya 265 ni upana kwa milimita. Gawa kwa 25.4, utapata inchi 10.4. Kwa matairi marefu ya porini, rimu ifaayo ni kama sehemu saba katika kumi za upana huo, maana yake hapa ni inchi 7 na kidogo. Kwa tairi la 235/85R16, rimu ni inchi 6 mpaka 7.5. Kwa 285/75R16, ni inchi 7.5 mpaka 9. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Neno la mwisho ni la kitabu cha mtengeneza tairi.

Tatu, ulizeni upana ulioongezwa umekwenda wapi. Ukienda ndani, tairi hugusa springi au vyuma vya usukani. Ukienda nje, usukani huwa mzito, beringi hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na matope hurushwa ubavuni mwa gari.

Nne, jiulizeni kama mwataka kimo au upana. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806, na lile la 265/75R16 lina 804. Sisi tulilipa fedha nyingi, na gari halikuinuka hata ukucha! Mwishowe tulichukua 235/85R16 na rimu za inchi 6.5, ambazo kipimo chake cha katikati kilipatana na gari letu. Tairi limekaa wima, uso wake unalala sawasawa juu ya murram, na mpaka leo halijachomoka.

Ndugu zetu, wengi wenu mwaendesha magari ambayo si yenu. Mkipewa gari ambalo rimu na tairi havipatani, msinyamaze kwa kuogopa kuitwa wakaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, na mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Andikeni namba ya tairi na upana wa rimu katika karatasi, mwite na mwakilishi wa chama aone kwa macho yake. Neno la mdomo hupotea, lakini kipimo kilichoandikwa hakina ubishi.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi hatukuuliza, tukalipa mara mbili. Ulizeni ninyi, mlipe mara moja.