Bunduki Kuukuu na Kijiti Chake

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa chakula, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo linaloniburudisha siku za mapumziko. Nadhani walitazamia bustani ya mboga au mchezo wa bao. Lakini mimi nimeishi South Dakota, huko Marekani, zaidi ya miaka 30, na burudani yangu huko ni bunduki za zamani za pampu. Wakati wa joto nazitumia kupigia visahani vya udongo, na majani yanapoanza kupukutika nawindia ndege. Naona Mkuu wa Shule amekunja uso. Asiwe na wasiwasi, sikuja nayo. Tena habari kubwa niliyokuja kuieleza si ya bunduki yenyewe, bali ya kijiti cha mti kilichomo ndani yake.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Bunduki ninayoisema ni ya marisawa. Ganda moja la kupigia visahani lina chembe karibu 400, nazo zikitoka hutawanyika kama mtama uliorushwa kwa kuku. Yangu ni namba 12. Maana ya namba hiyo ni hii: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa vigololi 12 vilivyo sawa, kigololi kimoja kitaenea barabara ndani ya mtutu.

Chini ya mtutu pana bomba la pili, na humo ndimo zinamopangwa risasi, moja nyuma ya nyingine. Juu ya bomba hilo pana kishikio cha mti. Ukishapiga, unavuta kishikio nyuma na ganda tupu linatoka. Unakisukuma mbele na risasi mpya inaingia. Mkono wako ndio mashine. Ukivuta kwa woga, nusu nusu, bunduki inakwama, na ndege anakwenda zake.

Bunduki ya kwanza ya namna hii iliyouzika vizuri ilitengenezwa na Christopher Spencer mwaka 1882. Aliyeipa sifa ni John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah. Kampuni ya Winchester ilitoa pampu yake mwaka 1893, kisha ikaitengeneza upya, imara zaidi, mwaka 1897. Hiyo ya 1897 ina nyundo inayoonekana kwa nje, na iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1957. Mwaka 1912 ikaja Model 12, yenye nyundo iliyofichwa ndani. Ziliuzwa karibu milioni mbili. Vyuma vyake vilichongwa kimoja kimoja kutoka vipande vya chuma, na gharama ya kazi hiyo ndiyo iliyoifanya Winchester iache kuiuza kama bunduki ya kila mtu mwaka 1964. Wakati huo Remington walikwisha kutoa Model 870, tangu mwaka 1950, ambayo sehemu zake nyingi zilikatwa kwa mitambo kwa bei nafuu.

Yangu ni Ithaca 37, iliyopewa jina kwa mwaka ilipotoka, yaani 1937. Mimi hutumia mkono wa kushoto, kama wenzangu wa darasani wanavyokumbuka. Pampu nyingi hutupa ganda upande wa kulia, na kwa mtu wa kushoto ganda hilo hupita mbele ya pua. Ithaca 37 hupokea risasi kwa chini na kutoa maganda kwa chini, kwenye tundu lile lile. Kwa hiyo maganda yangu huanguka miguuni kwa adabu. Rangi ya chuma imefifia pale walipokuwa wakiishika wenyewe wa kwanza, na mti wa kitako una makovu. Pale kwenye kilabu watu wanakuja na bunduki za mitutu miwili zenye bei ya gari. Wananitazama kwa huruma mpaka tuanze kupiga. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Visahani hivyo vina historia. Zamani watu walishindana kwa kupiga njiwa hai waliofunguliwa kutoka vizimba. Mwaka 1880 George Ligowsky, wa mji wa Cincinnati, alipata hataza ya kisahani cha udongo kinachorushwa kwa mtambo. Siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa, navyo vina upana wa sentimita 11 hivi. Katika mchezo wa trapu, mpigaji husimama mita zipatazo 15 nyuma ya kibanda, na kisahani hukimbia mbele yake bila yeye kujua kitapinda kulia au kushoto. Anapiga vitano katika kila kituo, vituo vitano, jumla 25.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni skiti. Ulianzishwa karibu mwaka 1920 huko Andover, Massachusetts, na mwindaji aliyeitwa Charles Davies, aliyetaka kufanya mazoezi kabla ya msimu. Alizunguka duara zima kama saa, akipiga kutoka kila upande. Halafu jirani yake akaanza kufuga kuku. Ikabidi duara likatwe katikati, marisawa yasielekee kwa kuku, na mpaka leo skiti inachezwa kwenye nusu duara. Basi msidharau kuku.

Katika skiti, kwenye baadhi ya vituo visahani viwili huruka kwa pamoja vikipishana. Hapo ndipo pampu inapomfundisha mtu. Unapiga cha kwanza, unavuta na kusukuma huku macho yamekwisha kuhamia cha pili, unapiga. Mwenye bunduki inayojipakia mwenyewe hana la kufanya kati ya mlio na mlio. Mwenye pampu ana kazi, na kazi hiyo humlazimisha kutulia. Akifanya pupa anakosa vyote viwili.

Sasa tuingie porini. South Dakota ina ndege aitwaye fezanti, wa ukoo wa kwale na kuku, mwenye mkia mrefu. Asili yake ni Asia, lakini ameipenda nchi ile hata mwaka 1943 akafanywa ndege wa jimbo. Sheria inaruhusu kupiga majogoo tu, tena matatu kwa siku. Anaruka ghafula kutoka majanini kwa kishindo, na katika muda mfupi kuliko kutaja jina lako inakupasa kutambua kama ni jogoo au koo. Huoni rangi vizuri? Hupigi. Jua liko machoni? Hupigi. Mbwa au mwenzako yuko upande ule? Hupigi. Siku nyingi za uwindaji nimerudi nyumbani sikufyatua hata mara moja, na chakula cha jioni nimekila kwa hamu vile vile.

Lakini kijiti chenyewe kiko kwenye uwindaji wa bata. Bomba la Ithaca yangu linachukua risasi nne, na ya tano inakaa ndani ya mtutu. Kabla ya kwenda kwenye mabwawa, naifungua na kutia ndani ya bomba kijiti cha mti. Baada ya hapo bomba linapokea risasi mbili tu, na pamoja na ile ya mtutuni zinakuwa tatu. Ndiyo sheria ya Marekani nzima kwa ndege wahamaji, tangu mwaka 1935. Bwana Nyama akikukuta bwawani anaweza kujaribu bunduki yako kwa risasi zake. Ya tatu ikiingia bombani, una kesi.

Sheria hiyo ilitokana na msiba. Amerika ya Kaskazini ilikuwa na njiwa wa porini ambao makundi yao yalihesabiwa kwa mamilioni, hata wakipita hufunika jua. Wawindaji wa biashara waliwaua kwa nyavu na bunduki, wakawapakia mapipani na kuwapeleka mijini kwa treni. Misitu nayo ilikatwa. Njiwa wa mwisho wa jinsi ile, aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, mji ule ule ulikotoka hataza ya kisahani cha udongo. Balaa hilo lilikwisha kutendeka kabla pampu hazijaenea, lakini zilipoenea, bata nao wakawa mashakani. Fikirini mtu anayeweza kupiga mara sita bila kushusha bunduki begani, na mbele yake bata elfu wanatua.

Basi wakaanza kujifunga. Sheria ya mwaka 1918 ilizuia biashara ya ndege wahamaji. Tangu mwaka 1934 mwindaji wa bata hununua stempu kila mwaka, na fedha zake hununua na kuhifadhi mabwawa. Mwaka 1935 kikaja kijiti. Mwaka 1937 ilipitishwa sheria ya kuelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyama, na kodi hiyo ya asilimia 11 nailipa mpaka leo kila ninunuapo risasi. Mwaka 1991 marisawa ya madini ya risasi yalikatazwa nchi nzima katika uwindaji wa bata, kwa kuwa bata huyaokota matopeni wakidhani ni vijiwe vya firigisi, wakafa kwa sumu.

Hapa mwenye bunduki kuukuu ana lake la kuangalia. Marisawa ya chuma ni magumu, na mitutu mingi ya zamani imebanwa sana mdomoni ili yasitawanyike mapema. Ukipitisha chuma humo unaweza kuharibu mtutu. Mimi kwa bata hutumia marisawa ya bismathi, ambayo ni laini, na bei yake inanifanya nifikiri kabla ya kufyatua. Tena Ithaca za kabla ya mwaka 1975, kama Model 12 na ile ya 1897, zina tabia yake: ukishikilia kifyatulio huku unasukuma kishikio mbele, bunduki inajipiga yenyewe. Kwa hiyo kila bunduki ya zamani ipelekwe kwanza kwa fundi, mtutu upimwe, na kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wake.

Vijana, sikuwaambieni haya ili mwende mkatafute bunduki. Hapa kwetu silaha ina sheria yake na uwindaji una leseni yake, na mtoto wa shule hana haja na kimojawapo. Nawaambieni kwa sababu kila mmoja wenu atakabidhiwa chombo chenye nafasi kubwa kuliko anayostahili kutumia. Huyu atashika fedha za kijiji, yule nyavu za ziwani, mwingine msumeno wa kukatia miti. Watu wale walingoja njiwa aishe ndipo wakachonga kijiti. Bata waliwahiwa, na ndiyo maana mpaka leo naweza kukaa bwawani alfajiri nikasikia mabawa yao kabla sijawaona.

Bwana Nyama nimekutana naye bwawani mara chache mno kwa miaka yote hii. Asubuhi nyingine zote niko peke yangu na mbwa wangu, na hakuna anayehesabu ila mimi. Kijiti natia mwenyewe, usiku, mezani, kabla ya kulala.

 Chakula naona kimekwisha kuiva, nami sitaki kuwa mtu wa kukiacha kipoe.